Mitala, Ukimwi, na Wale Tuliowaambia Waondoke



Injili ya Jumapili hii, kama tunavyoisoma katika sura ya 10 ya Marko, yatuonyesha Mafarisayo wakimjia Bwana na swali la talaka. Hawakuja kujifunza, walikuja kumjaribu. Bwana akawarudisha nyuma, kupita Musa na hati yake, hadi mwanzo wa uumbaji, kwa mume mmoja na mke mmoja. Sehemu hiyo tumeizoea, maana twaisikia kila arusi. Lakini Marko aongeza jambo dogo ambalo tunalipita upesi: walipokwisha kuingia nyumbani, wanafunzi walimwuliza tena habari ile ile. Hata wao waliolisikia jibu hadharani hawakuwa wamelimaliza mioyoni.

Nasi leo twaomba kuingia katika nyumba hiyo na kuuliza tena. Liko swali la ndoa ambalo sisi wachungaji tulilijibu hadharani kwa sauti kubwa, na jibu letu likawaumiza watu. Ni swali la mitala na ukimwi.

Wazee wa Kagera watakumbuka. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa katika Tanzania walionekana mkoani humo mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikivushwa kwa magendo kutoka Uganda, wala hawakujua kwamba kilichovuka mpaka hakikuwa nguo tu. Ilipofika mwaka 1987, uchunguzi uliofanyika Bukoba mjini ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi. Tulizika asubuhi, tukazika na jioni. Katika kilio kile kila mtu alitafuta mlango ambao adui alipitia, na sisi wahubiri tuliuona mmoja upesi sana: ni wake wengi, tukasema. Mwenye wake watatu ana njia tatu za kuleta kifo nyumbani. Ilikuwa hoja rahisi, tena iliyotufaa, kwa kuwa mitala tulikuwa tumekwisha kuikataza kwa sababu nyingine. Mtu akipata ushahidi mpya wa neno analolisema tangu zamani, haulizi sana ushahidi huo umetoka wapi.

Hebu tuupime basi. Katika nchi ya Niger wanawake wengi walioolewa, zaidi ya theluthi moja, wana wake wenza. Na huko wenye virusi hawafiki mtu mzima mmoja katika mia. Katika Botswana na Lesotho ndoa za mitala ni chache mno, na huko takriban mtu mzima mmoja kati ya watano anaishi na virusi. Kama mitala peke yake ingekuwa ndiyo mlango, hesabu hizi zingesimama kinyume. Ni kweli ziko sababu nyingine, kama vile tohara ya wanaume, ambayo imethibitika kupunguza hatari, na wanaume kuishi mbali na nyumba zao kwa ajili ya kazi za migodini. Walakini mwaka 2010 watafiti wawili, Georges Reniers na Susan Watkins, walichapisha uchunguzi wa nchi nyingi za Afrika, wakaona kwamba mahali penye mitala mingi virusi huwa vichache zaidi. Waliona pia jambo la pili, nalo tusilifiche: mtu mmoja mmoja aliyemo katika ndoa za namna hiyo mara nyingi ana virusi kuliko jirani yake. Sababu mojawapo ni kwamba wanawake wanaoingia kuwa wake wa pili na wa tatu aghalabu ni wajane na walioachwa, ambao wengine wao wamekuja na ugonjwa kutoka ndoa ya kwanza.

Maana yake nini? Watu wanne walio waaminifu wao kwa wao ni kama boma lililofungwa. Kama hakuna mgonjwa ndani, ugonjwa hauingii. Akitoka mmoja usiku na kurudi nao, wote wanne wamo hatarini, hasa katika majuma ya kwanza, wakati virusi ni vingi mno mwilini na mwenyewe mara nyingi hajajua. Boma la watu wawili nalo ni hivyo hivyo. Tumewazika wengi waliofunga ndoa madhabahuni, mke mmoja katika cheti, na nyumba ndogo mbili mjini ambazo hazikuandikwa popote. Juu ya hao tulihubiri kidogo, maana walikaa viti vya mbele.

Hatusemi haya ili kuisifu mitala. La hasha. Asomaye Maandiko kwa makini ataona machozi ya Hajiri jangwani, na Hana akidhihakiwa na Penina mwaka hata mwaka. Nasi tumewasikiliza akina mama wengi walioishi uke wenza. Ni wachache wanaoutamani kwa binti zao. Mke wa tatu hawezi kumwuliza mume ametoka wapi. Akiuliza, huambiwa kwamba wako wengine wawili wasiouliza. Bwana alipoturudisha kwenye mwanzo alijua alichosema.

Lakini sasa twafika kwenye neno lililotufanya tuchague mada hii, nalo si la kujivunia.

Mwaka 1993 tulikuwa katika parokia moja kando ya Ziwa. Mzee mmoja mwenye shamba la migomba na kahawa, mume wa wake watatu, alikuja kuomba ubatizo. Alihudhuria mafundisho miaka miwili bila kukosa, na wake zake wote watatu walikuja pamoja naye, wameketi benchi moja. Yule mdogo ndiye aliyekuwa mwepesi wa kukariri. Katekista alimtumia kuwakumbusha wengine sala. Ulipokaribia usiku wa Pasaka tulimwita mzee tukamwambia: chagua mmoja, wengine waondoke. Akamchagua bi mkubwa, kama tulivyomshauri. Yule wa pili akapokelewa na kaka zake. Yule mdogo hakuwa na kaka. Tulimwahidi kwamba atabatizwa mwaka unaofuata, mambo yake yakitulia.

Mambo yangetulia wapi? Alikwenda mwaloni, mahali wavuvi wanapotua na wenye magari wanapokuja kununua samaki, akapika na kuuza chakula. Akachukuliwa na mwanamume mmoja, kisha mwingine. Mwaka 1998 alirudi akiwa mifupa mitupu, wala hakurudi kwetu. Alirudi kwa bi mkubwa, naye akampokea, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko muda wa miezi miwili. Bi mkubwa ndiye aliyembatiza, kwa maji ya kibuyu, usiku ule alipoona kwamba hafiki asubuhi. Sisi tulipata habari mazishini.

Wakati ule hakuna aliyepimwa. Lakini mwaka 2007, ilipofanyika kampeni ya kupima nchi nzima, mzee na bi mkubwa walikwenda, na yule mke wa pili vile vile, na wote watatu walikutwa hawana virusi. Boma lile lilikuwa salama. Mlango uliofunguka, tuliufungua sisi, tena kwa jina la usafi wa ndoa. Katika daftari la parokia tulikuwa tumeandika maneno mawili tu: ndoa imerekebishwa.

Mtasema, ndiyo sheria. Ni kweli, lakini tuliisoma nusu. Kanuni ya 1148 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yamtaka anayebatizwa abaki na mke mmoja, na kama ni vigumu kubaki na yule wa kwanza, yampa nafasi ya kubaki na mwingine. Hiyo tuliijua kwa moyo. Sehemu ya tatu ya kanuni hiyo hiyo yamwagiza askofu ahakikishe kwamba wale walioachwa wametunzwa ipasavyo, kwa haki, kwa upendo wa Kikristo na kwa usawa, kwa kuzingatia hali ya mahali na ya watu. Ya kwanza tuliitimiza kwa juma moja. Hiyo ya tatu hatukumwuliza askofu hata siku moja.

Ndugu zetu Waanglikana, katika mkutano wa Lambeth wa mwaka 1988, walikubali mwenye wake wengi abatizwe pamoja na wake na watoto wake, kwa ahadi ya kutooa tena maadamu yeyote wa wake hao yu hai, wala asilazimishwe kuwaacha, kwa sababu ya hasara itakayowapata wanawake hao. Kanisa letu halikushika njia hiyo, na hatuko hapa kuibadili kwa redio. Sinodi ya mwaka 2023 iliwahimiza maaskofu wa Afrika kuendelea kulitafakari jambo la mitala, nasi twawaombea. Ila twawasihi makatekista, ninyi mnaoingia nyumba za watu kabla yetu, mtusaidie katika machache yaliyo wazi.

Msimwambie mtu yeyote amtoe mke kabla paroko hajafika nyumbani na kuzungumza na kila mke peke yake. Iulizwe nani atalala wapi, shamba lipi ni la nani, karo ya watoto italipwa na mkono gani. Wahimizeni wote wapime, kwa hiari yao na kwa siri, kama sheria ya mwaka 2008 inavyotaka. Majibu ni ya mwenyewe, si ya jumuiya. Atakayekutwa na virusi asikie kwamba dawa zimetolewa bure katika nchi yetu tangu mwaka 2004, na kwamba anayezitumia vizuri hata virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzake. Kipimo kisiwe sababu mpya ya kumfukuza mtu. Uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba hapa Tanzania katika kila watu wazima mia, wanne hivi wana virusi, na wanawake ni wengi kuliko wanaume; basi wako katika kila kigango, na wengine wanatusikiliza saa hii.

Mzee yule alifariki mwaka 2011. Bi mkubwa yu hai, anatembea na fimbo. Kila Novemba aleta karatasi ya marehemu wa kuombewa, na jina la mume wake na la mke mwenzake yameandikwa mstari mmoja. Mwaka jana paroko wa sasa alilitafuta jina la yule mdogo katika daftari la ubatizo, asilione. Akaliandika, na penye safu ya mbatizaji akaandika jina la bi mkubwa.