Hesabu ya Ndege ni Hesabu ya Bwawa

(Hotuba iliyotolewa kwa mkutano wa vikundi vya kujisaidia vya Busia na Malaba. Tunaichapa karibu kama ilivyosemwa.)



Mmenizoea nikija na habari za mbuzi wa maziwa, vyoo na mikopo ya kuzunguka. Leo nimekuja na habari za ndege. Naona wengine mnacheka. Chekeni tu, hata mimi nilicheka nilipoambiwa kwamba kuna watu wazima wanaoamka alfajiri kwenda kutazama ndege. Nilifikiri hiyo ni kazi ya wageni wenye nafasi na pesa.

Miaka mingi nimepita kando ya Mto Sio kwa baiskeli nikija kwa vikundi vyenu, na ndege sikuwaona. Niliwajua yangeyange wanaofuata ng'ombe. Nilimjua marabu, yule mzee wa upara anayekaa kwenye jalala kule Malaba. Waliobaki wote kwangu walikuwa "ndege tu". Basi mwaka jana rafiki mmoja aliniachia darubini yake ya zamani, jicho moja lina ukungu. Nikaanza kujifunza. Nimekwenda mara nyingi, lakini leo nitawaambia safari tatu tu, kisha nitaleta ombi langu.

SAFARI YA KWANZA: MTO SIO

Nilikwenda na mzee mmoja anayekata mafunjo ya kusukia mikeka. Nilivaa sweta nyekundu, na njia nzima nilikuwa naongea. Tulipofika majini ndege wote wakaruka. Mzee akaniambia, "Binti yangu, hapa si mkutano. Kaa chini, nyamaza, watarudi wenyewe."

Tukakaa. Kama nusu saa hivi nikaanza kuona. Mdiria alisimama hewani juu ya maji kama amefungwa kwa uzi, halafu akajitupa na kutoka na samaki. Baadaye wakaja korongo wawili wenye taji la dhahabu kichwani, wakitembea polepole kama bwana na bibi harusi. Nilikuwa nimewaona maisha yangu yote kwenye bendera ya Uganda, pale pale ng'ambo, wala sikujua kwamba wanazaa katika mabwawa yetu. Hujenga kiota cha majani kwenye maji ya kina kifupi na kutaga mayai mawili hadi manne. Bwawa likikauka, hawana pa kuzalia. Tangu mwaka 2012 korongo huyu yumo katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Mzee yule hajasoma kitabu cha ndege hata kimoja. Lakini alijua jina la kila ndege kwa Kisamia, wakati wake wa kuja na wakati wake wa kuondoka. Nikaona kwamba mwanafunzi ni mimi mwenye diploma, na mwalimu ni yeye.

Tena mkumbuke, ndege hana mpaka. Hapa kwetu ndipo neno "boda-boda" lilipozaliwa, kwa vijana wa baiskeli waliovusha watu kutoka boda hadi boda. Korongo alikuwa boda-boda kabla yao. Asubuhi anakula Kenya, jioni analala Uganda, na hakuna anayemwuliza kipande.

SAFARI YA PILI: KANYABOLI

Safari ya pili nilipanda matatu kupitia Bumala, tukavuka daraja la Ruambwa juu ya Mto Nzoia, hadi Nyadorera na kuendelea Ziwa Kanyaboli upande wa Siaya. Ziwa hili limo ndani ya Bwawa la Yala, ambalo lina ukubwa wa hekta 17,500 hivi. Kufikia mwaka 1970 hekta 2,300 zake zilikuwa zimekaushwa kwa kilimo. Mwaka 2010 serikali ilitangaza Kanyaboli kuwa hifadhi ya taifa.

Nilimfuata ndege mmoja tu. Mgongo wake ni mweusi, tumbo ni jekundu kama damu, utosi ni wa manjano. Haishi kwingine isipokuwa ndani ya mafunjo. Ukifyeka mafunjo, haendi kwa jirani, anakwisha. Saa mbili nzima nilisikia sauti yake nisimwone. Nilikuwa nimekata tamaa, nafunga mfuko wangu, ndipo akatokea juu ya funjo mbele yangu, karibu kama kiti kile. Kina mama, nilisahau kuinua darubini!

Lakini mvuvi mmoja pale alinifundisha jambo kubwa kuliko ndege. Wazee mnakumbuka ngege, samaki mtamu wa zamani. Mbuta alipoletwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960, ngege na fulu wengi walipungua sana. Katika Kanyaboli ngege bado yupo, kwa sababu mafunjo ni kama ukuta, na mbuta hakuweza kupenya. Kwa hiyo mafunjo yale yale yanayomficha ndege mwekundu ndiyo yaliyotuwekea ngege. Anayesema bwawa ni ardhi ya bure isiyo na kazi hajauliza vizuri.

SAFARI YA TATU: BUNYALA

Safari hii sikuifurahia, lakini ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Kule Bunyala kuna mashamba ya mchele ya umwagiliaji yaliyoanzishwa mwaka 1968. Maji yakiingia mashambani, ndege huja wengi. Mmoja wao ni korongo mweusi ambaye mdomo wake haufungi katikati, umeacha pengo. Mungu alimpa pengo lile kwa kazi yake ya kushika konokono wa majini. Mchele hali hata punje.

Kuanzia karibu mwaka 2009, watafiti wa ndege wa hapa Kenya walieleza waziwazi kilichokuwa kikitendeka katika mashamba yale. Wategaji waliwatia konokono sumu ya kuulia wadudu, kabofurani, ambayo wengi tuliijua kwa jina la Furadan. Wakamfunga korongo mmoja akiwa hai ili wenzake wakimwona watue. Wakala, wakaanguka. Kisha wakanyonyolewa na kuuzwa kama nyama. Mwaka 2009 watengenezaji walitangaza kuiondoa sumu hiyo katika maduka ya Kenya, lakini mazoea ya kutega kwa sumu hayakukoma mwaka huo.

Sasa nitakiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita, nikitoka kazini upande huo, nilinunua ndege wawili walionyonyolewa kando ya barabara. Bei ilikuwa nzuri. Sikuuliza wamekufaje. Nilipika, watoto wakala, tukalala salama. Siku niliposimama Bunyala na kuelezwa habari hii, miguu iliniishia nguvu. Nilikumbuka sahani ile na mikono ya watoto ndani yake.

Wengine husema, "Ukitoa matumbo haraka, nyama ni safi." Ndugu zangu, msidanganyike. Punje moja ya kabofurani inaweza kumwua ndege mdogo. Sumu hii hushika mishipa ya fahamu: mate yanatoka, jasho linatoka, tumbo linasokota, pumzi inakuwa nzito. Nani kati yetu anaweza kutazama nyama jikoni na kujua kiasi kilichobaki ndani yake?

Sisemi haya ili tuwachukie vijana wanaotega. Ni watoto wetu, na wanatafuta shilingi. Wala simlaumu mkulima anayefukuza kwelea wasimmalizie mchele. Ana haki ya kulinda jasho lake kwa makopo, kamba na watoto wa kupiga kelele. Nasema tu kwamba sumu haichagui. Imewekwa kwa korongo, itamkuta mbwa, itamkuta bata wa jirani, na mwisho itaingia katika maji tunayochota.

OMBI LANGU

Kila kikundi kina daftari la pesa. Mweka hazina akikosea shilingi kumi, tunajua. Lakini bwawa, ambalo linatupa maji, mikeka, samaki na udongo wa matofali, halina daftari. Likiibiwa kidogo kidogo hatujui, mpaka siku moja tunakuta limekwisha. Naomba kila kikundi kilicho karibu na bwawa kifungue daftari la ndege. Halihitaji mfadhili. Fanyeni hivi:

1. Chagueni watu watatu: mzee anayejua majina, kijana mwenye macho makali na mmoja wa kuandika.

2. Chagueni ndege watatu tu wa kuanzia, ambao hamwezi kuwakosea: korongo wa taji, mdiria na yangeyange. Andikeni jina la lugha ya nyumbani, Kisamia, Kiteso, Kimarachi au Kijaluo.

3. Mara moja kwa mwezi, pitieni njia ile ile, saa ile ile ya asubuhi. Mkibadilisha njia kila mara, hesabu haina maana. Msiguse viota, na sweta nyekundu iacheni nyumbani!

4. Andikeni pia mliyoyaona: mafunjo yaliyochomwa, mfereji mpya, ndege waliokufa. Ukiona ndege wengi wamekufa pamoja, usiwashike kwa mikono mitupu na usimpe mbwa. Mwite chifu, ofisa wa kilimo au watu wa wanyamapori.

5. Msinunue wala kula ndege wa bwawani msiyejua amekufaje. Mtu akila na kuanza kutoka mate na kukosa pumzi, msimpe maziwa mkingoja. Mkimbizeni hospitali, na mseme alichokula.

Msidhani daftari kama hilo ni mchezo. Mwaka 1999 Leon Bennun na Peter Njoroge walitoa kitabu cha mahali 60 muhimu kwa ndege hapa Kenya. Bwawa la Yala limo, na nyanda za majani za Busia zimo. Zimo kwa sababu kuna watu waliotembea huko, wakatazama, wakaandika.

Tarehe 2 Februari ni siku ya mabwawa duniani, kukumbuka mkataba uliofanywa Ramsar, Iran, mwaka 1971. Uganda ilijiunga mwaka 1988, Kenya mwaka 1990. Naomba siku hiyo tuhesabu pamoja na ndugu zetu wa ng'ambo, wao ukingo wao, sisi wetu, kisha tulinganishe madaftari. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mzee wangu wa mafunjo aliniuliza, "Wakiisha, mtoto wako utamwonyesha nini, bendera?" Sikuwa na jibu. Nimewaletea swali lake.

Darubini ninayo hapa. Jicho moja lina ukungu, lakini lingine ni zima. Kikundi kitakachofungua daftari kwanza ndicho kitaiazima kwanza.