Biti Yako Mwenyewe

Soma somo hili pamoja na wenzako. Uwe na kalamu, karatasi yenye mistari, na meza ya kugonga. Kinanda kikiwapo, vema. Kisipokuwapo, anza hivyo hivyo.

  

Leo tutazungumza habari za mdundo wa hip hop, yaani ule muziki wa kufokafoka. Vijana huuita mdundo huo biti. Huenda utauliza, "Mimi ni mtu mzima, ninajifunza kusoma na kuhesabu. Biti yanihusu nini?" Yakuhusu sana. Kutengeneza biti ni kuhesabu, na biti yaweza kuandikwa juu ya karatasi kama barua. Tena biti ni mali. Mali isiyo na jina la mwenyewe hupotea upesi. Labda unaye mtoto nyumbani anayebonyeza kinanda usiku kucha. Labda ni wewe mwenyewe unayetamani. Basi, sikilizeni.

KUAZIMA NA KUTUNGA

Mji wetu wa Morogoro hutaniwa kwa jina la "mji kasoro bahari". Bahari hauna, lakini muziki unao tangu zamani. Bendi ya Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944. Baadaye Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba walisikiliza santuri zenye muziki wa Kuba, wakaupenda mno. Hata jina la bendi lina Kuba ndani yake. Lakini hawakubaki kuiga tu. Walitunga nyimbo zao wenyewe, kwa Kiswahili, juu ya mambo ya watu wa hapa. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965, na nyimbo zake zinapigwa hata leo.

Hip hop nayo ilipita njia hiyo hiyo. Ilianza Bronx, katika jiji la New York, Marekani. Tarehe 11 Agosti 1973 kijana mzaliwa wa Jamaika, DJ Kool Herc, alipiga santuri katika sherehe ya dada yake. Alikuwa akichukua santuri mbili zilizo sawa na kurudia kile kipande cha ngoma tu, tena na tena, ili watu wacheze. Basi biti za kwanza zilitoka katika santuri za watu wengine. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya ngoma iitwayo TR-808. Sasa mtu aliweza kupanga ngoma zake mwenyewe kwa kubonyeza vitufe.

Hapa Tanzania, mwaka 1991 Saleh Jabir alitia maneno ya Kiswahili juu ya mdundo wa wimbo wa Vanilla Ice, Mmarekani. Watu walifurahi, kwa kuwa waliyafahamu maneno. Lakini mdundo haukuwa wetu. Tena sikilizeni jambo hili: Vanilla Ice naye alikuwa ameazima! Besi ya wimbo wake wa mwaka 1990 ilitoka katika wimbo wa Queen na David Bowie wa mwaka 1981. Mzozo ulitokea. Mwishowe majina ya Queen na Bowie yakaandikwa miongoni mwa watunzi wa wimbo ule. Mdundo uliofika kwetu ulikuwa umeazimwa mara mbili. Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Hatukukaa hapo. Katika miaka ya 1990 studio za Dar es Salaam, kama MJ Records ya Master Jay na Bongo Records ya P-Funk Majani, zilianza kutengeneza biti hapa hapa kwa vinanda na kompyuta. Mwaka 2001 Professor Jay alitoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu, na P-Funk ndiye aliyeunda midundo yake mingi. Afande Sele, mtu wa Morogoro, alivikwa taji la mfalme wa mashairi ya kufoka mwaka 2004. Mmeona? Tuliazima kwanza, kisha tukatunga. Na wewe waweza kuanza moja kwa moja kwa kutunga.

HESABU KWANZA

Gonga meza kwa kiganja: moja, mbili, tatu, nne. Rudia: moja, mbili, tatu, nne. Kila mgongo ni pigo. Mapigo 4 ni kipimo kimoja. Usiharakishe. Biti nyingi za hip hop huenda kwa mapigo kama 90 kwa dakika. Tazama saa yako: hayo ni mapigo 3 kwa kila sekunde 2. Ni mwendo wa mtu anayeshuka kilima na mzigo kichwani. Hakimbii, wala hasimami.

Hesabu ndogo. Wimbo una dakika 4, na kila dakika ina mapigo 90. Kwa hiyo 4 mara 90 ni 360. Gawanya kwa 4, upate vipimo 90. Beti moja la mchanaji kwa kawaida lina vipimo 16. Sasa unajua una nafasi kiasi gani ya kusema neno lako.

ANDIKA BITI YAKO

Chora mstari wenye visanduku 16. Hicho ni kipimo kimoja, na kila pigo lina visanduku 4. Mapigo manne yanaanza katika kisanduku cha 1, cha 5, cha 9 na cha 13. Tutatumia sauti tatu. Ngoma nzito ni ile inayogonga kifuani. Ngoma kavu ni ile inayolia kama kofi. Matoazi ni vile visahani vinavyosema "ts, ts". Tia alama hivi:

Ngoma nzito: 1, 8, 11.
Ngoma kavu: 5, 13.
Matoazi: 1, 3, 5, 7, 9, 11, 13, 15.

Sasa ligawe darasa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lipige mguu chini kwa ngoma nzito. Fungu la pili lipige makofi kwa ngoma kavu. Fungu la tatu liseme "ts" kwa mdomo. Kiongozi ahesabu 1 hadi 16, polepole, kisha arudie bila kusimama. Mkikosea, anzeni tena. Mkipatana, mtaona vichwa vinatikisika vyenyewe. Hiyo ni biti, na umeme haujatumika bado!

Lakini biti hiyo ni ya kawaida mno. Watu wengi wameipiga. Ni kama herufi a, e, i, o, u: si za mtu mmoja. Neno unaloliunda kwa herufi hizo ndilo lako. Basi hamisha alama. Ondoa ngoma nzito katika kisanduku cha 8, uiweke katika cha 7. Sikiliza. Ongeza moja katika cha 16. Sikiliza tena. Futa matoazi mawili, uache kimya. Kimya nacho ni sehemu ya mdundo. Ukipata mpango unaokupendeza, uandike vizuri, na tarehe juu yake. Umeme ukikatika, karatasi yako itabaki.

KINANDA

Sasa tuje kwenye kinanda cha umeme. Kitazame. Kina vitufe vyeupe na vyeusi. Vyeusi vimekaa kwa mafungu: viwili, vitatu, viwili, vitatu. Wanakwaya wataniuliza do iko wapi. Kitufe cheupe kilicho kushoto mwa vile vyeusi viwili, hapo waweza kuanza do yako.

Lakini kwa leo viache vyeupe. Cheza na vyeusi tu. Viko vitano katika kila fungu la viwili na vitatu, na sauti zake hazigombani. Hata mgeni akivigusa ovyo, masikio hayataumia sana. Chagua kimoja kiwe nyumbani kwako. Kwa sauti yenye huzuni au uzito, nyumbani pawe kitufe cha pili, yaani cha kulia, katika vile vyeusi viwili. Toka nyumbani, tembea kwenye vyeusi vingine, kisha urudi. Sauti nne au tano zatosha. Zirudie kwa kila vipimo viwili.

Baadaye nenda upande wa kushoto wa kinanda, kwenye sauti nene. Hapo ndipo penye besi. Piga kitufe cha nyumbani kila ngoma nzito inapolia. Besi na ngoma nzito zitembee pamoja, kama watu wawili waliobeba gogo moja. Mmoja akitangulia, gogo huanguka.

KUUNDA SAUTI

Kinanda cha kawaida kina sauti zilizokwisha kutengenezwa: filimbi, zeze, kengele. Sinthesaiza ni kinanda kinachokuruhusu kuunda sauti yako mwenyewe. Leo kazi hiyo hufanywa hata na programu ya kompyuta au ya simu.

Kila sauti ina tabia zake. Gonga meza kwa kijiko. Sauti huanza mara moja, nayo hufa mara moja. Sasa ikumbuke kengele ya kanisa. Huanza mara moja, lakini hufa polepole. Filimbi huingia taratibu, na hudumu maadamu unapuliza. Katika sinthesaiza kuna vifundo vya kuzungusha. Kimoja huamua sauti ianze upesi au pole. Kingine huamua ife upesi au pole. Kingine huifanya iwe kali kama bati, au ya giza kama mtu anayesema nyuma ya ukuta. Zungusha kifundo kimoja kwa wakati mmoja, usikilize, uandike ulichofanya. Ukizungusha vyote pamoja hutajifunza kitu.

Waweza pia kurekodi sauti za nyumbani kwa simu. Mchi ukitwanga kinuni ni ngoma nzito nzuri kabisa. Sufuria ikigongwa ni ngoma kavu. Mchele ukipepetwa ni matoazi. Sauti hizi hazipo katika kinanda cha mtu wa New York wala Tokyo. Ila tahadhari moja: usirekodi ngoma ya wazee bila kuomba ruhusa. Ziko ngoma za mila, kama za mwali, ambazo si za kuchezwa mbele ya kila mtu. Waulize wenyewe kwanza, na wakikataa, heshimu.

TIA JINA LAKO

Sasa tumefika penye moyo wa somo. Tuchukue mifano miwili.

Kijana wa kwanza anachukua biti katika intaneti. Hajui ni ya nani. Anaimba juu yake, wimbo unapendwa, jina lake linatajwa hadi Msamvu. Halafu mwenye biti anajitokeza. Wimbo unaondolewa. Maneno ni ya kijana, lakini yamekwama juu ya mdundo wa mwingine, kama nyumba iliyojengwa katika kiwanja cha jirani.

Kijana wa pili anaunda biti yake mwenyewe. Anampelekea mtu wa studio, anapewa fedha kidogo, na karatasi ya kutia sahihi. Haisomi. Miezi inapita. Siku moja yumo ndani ya daladala, anausikia mdundo wake katika wimbo wa mwingine. Anauliza. Anaonyeshwa karatasi. Aliuza kila kitu, na jina lake halimo.

Yupi ameumia zaidi? Jadilini darasani. Mimi naona wa pili, kwa sababu mali ilikuwa yake.

Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Sheria hiyo inamlinda mtunzi wa muziki. Iko pia ofisi ya hakimiliki, ijulikanayo kama COSOTA, ambayo mtunzi aweza kuandikisha kazi yake kwao ili awe na ushahidi. Lakini sheria haiwezi kukusomea karatasi yako. Kabla ya kutoa biti, andikeni makubaliano. Yataje nani aliunda mdundo, nani alitunga maneno, fedha kiasi gani zimelipwa leo, na mapato ya kesho yatagawanywaje. Tarehe iwepo, na sahihi za wote. Kila mtu abaki na nakala. Usitie sahihi, wala dole gumba, katika karatasi ambayo hujaisoma mpaka mwisho. Ukikutana na neno usilolijua, simama, uliza. Si aibu. Ndiyo maana unakuja darasani.

MASWALI

1. Wimbo una dakika 3, na mapigo 80 kwa dakika. Una mapigo mangapi? Una vipimo vingapi?
2. Besi ya wimbo wa Vanilla Ice ilitoka wapi?
3. Taja mambo manne ya kuandikwa katika makubaliano.
4. Kwa nini tuwaulize wazee kabla ya kurekodi ngoma ya mila?

KAZI YA NYUMBANI

Chora visanduku 16. Andika biti yako, si ile ya somo. Chini yake andika jina lako kamili, mahali, na tarehe. Wiki ijayo kila mmoja ataigonga ya mwenzake kwa kuisoma tu, bila kufundishwa. Mwenzako akiweza kuipiga kama ulivyokusudia, basi umeandika vema.

Kwa leo tuishie hapo.