Tuipime Habari Kabla ya Kuipeleka

(Yafuatayo ni maandishi ya hotuba iliyotolewa mbele ya Waislamu wa Kirando, wilaya ya Nkasi, mkoa wa Rukwa.)

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye watu wa Makka walimwita Al-Amin, yaani Mwaminifu, hata kabla hajapewa utume.



Nimepewa mada isemayo “Mwislamu na Habari za Mitandaoni”. Naomba nianze na jambo ambalo wazee waliopo hapa wanalikumbuka vizuri kuliko mimi. Zamani habari zilifika Kirando kwa njia ya maji. Meli ya Liemba, iliyoanza safari kwa jina hilo mwaka 1927, ilipopita mwambao wetu, mitumbwi ilikwenda kuipokea, na abiria aliyetoka Kigoma au Mpulungu aliulizwa habari za huko. Akisema kuna msiba, aliulizwa: Ulikuwapo mazishini, au uliambiwa? Nani aliyekuambia? Habari ilikuwa na mwenyewe. Msimulizi alijulikana ni mtoto wa nani, na akibainika kuwa mwongo, safari ya pili hakuna aliyemsikiliza.

Leo habari inatufikia kiganjani, usiku na mchana, nasi hatumwoni aliyeileta. Juu yake huandikwa kwamba imetumwa mara nyingi, lakini haisemwi ilianzia kwa nani. Chini yake huandikwa: “Watumie Waislamu wote, usiiache kwako.” Nasi, kwa kudhani tunatenda wema, tunaituma.

Ndugu zangu, jambo hili si dogo, na mfano wake uko hapa hapa nyumbani. Mwezi Mei 2023 mtoto mmoja wa mkoa wetu wa Rukwa alipatwa na kupooza, na vipimo vya maabara vikaonyesha kwamba ni polio. Mwezi Septemba mwaka huo huo ilifanyika kampeni ya chanjo ya matone katika mikoa sita, yaani Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Songwe na Mbeya, kwa watoto wa umri wa chini ya miaka minane.

Nataka tusimame hapa kidogo. Kirusi kilichompata mtoto yule hakikuwa kile cha polio ya asili. Kilikuwa cha aina inayotokana na chanjo. Maelezo yake ni haya: chanjo ya matone ina kirusi kilicho hai lakini kilichodhoofishwa. Mtoto aliyechanjwa hukitoa kwa njia ya haja. Mahali ambapo watoto wengi wamechanjwa, kirusi hicho hakipati njia, hufia hapo. Lakini mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, na usafi wa vyoo na maji ni hafifu, kirusi huzunguka kutoka kwa mtoto hadi mtoto kwa muda mrefu, hubadilika, na hatimaye huweza kurudisha nguvu ya kupoozesha. Kinga ya hatari hiyo ni kuwachanja watoto wote, asibaki hata mmoja.

Sasa achukue mtu nusu ya maelezo haya, aandike katika simu yake: “Polio ya Rukwa imeletwa na chanjo.” Huyo hakutunga neno. Lakini mama atakayeusoma ujumbe huo atamficha mwanawe siku ya chanjo, na palipo na watoto waliofichwa ndipo kirusi hicho kinapopata njia. Nusu ya ukweli imefanya kazi ya uongo kamili. Na kwa upande wa pili, daktari au kiongozi anayeificha nusu hiyo kwa kuhofia kwamba watu watatishika, naye anakosea. Kwani siku watakapoisikia kwa mwingine, watasema: Kumbe tulifichwa. Tangu siku hiyo hawatamwamini hata anaposema kweli. Uaminifu hujengwa kwa kusema yote.

Waislamu wenzetu wamekwisha kulipa gharama ya jambo hili. Mwaka 2003, katika jimbo la Kano kaskazini mwa Nigeria, zilienea habari kwamba chanjo ya polio imetiwa dawa ya kuwafanya watoto wa Kiislamu wasizae. Chanjo ikasimamishwa kwa karibu mwaka mzima. Polio ya Nigeria ikasambaa hadi takriban nchi 20 ambazo zilikuwa zimekwisha kuisahau, ikafika Yemen na Indonesia, na watoto wasio na hatia wakapooza.

Lakini tusiharakishe kuwacheka watu wa Kano. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan kwa watoto wa Kano. Watoto 11 kati ya waliokuwa katika majaribio hayo walikufa, na mwaka 2009 kampuni, bila kukiri kosa, ilikubali kulipa dola milioni 75 ili kumaliza kesi na jimbo. Uvumi wa mwaka 2003 ulikuwa uongo, ila ulipandwa katika ardhi iliyokwisha kulimwa na kutoaminiana. Na chanjo iliporudi Kano mwaka 2004, haikurudishwa kwa vitisho. Ilipimwa kwa kushirikisha wataalamu na wanazuoni wa Kiislamu, na dozi zikaletwa kutoka Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao.

Ndugu Waislamu, dini yetu haikutuacha gizani katika jambo hili. Katika Suratul Hujurat Mwenyezi Mungu anatuamuru kwamba akitujia mtu asiyeaminika na habari, tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutokujua kisha tukajuta. Tazameni kwamba aya hiyo inahofia madhara ya yule anayepokea na kutenda, wala haimkemei mleta habari peke yake. Na katika Suratun Nur, kuhusu kisa cha kusingiziwa mama wa Waumini, Bibi Aisha (r.a.), wamekemewa waliopokezana maneno kwa ndimi zao bila ya kuwa na elimu nayo, wakaliona jambo jepesi, hali mbele ya Mwenyezi Mungu ni kubwa. Wengi wao hawakuutunga uongo ule. Waliupokea na kuupeleka tu. Naye Imamu Muslim amepokea mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba yamtosha mtu kuhesabiwa mwongo kwa kusimulia kila anachosikia.

Kutokana na mafundisho hayo wanazuoni wetu walijenga elimu kubwa, elimu ya isnadi. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, kwa kawaida hakuandika hadithi katika Sahihi yake bila kutaja mlolongo wa walioipokea mpaka kufika kwa Mtume (s.a.w.). Kila msimulizi aliulizwa habari zake: Aliishi lini? Je, alikutana kweli na yule anayedai kumsikia? Kumbukumbu yake ikoje? Aliwahi kusema uongo? Mlolongo ukikatika, au akiwamo asiyejulikana, hadithi hutiwa udhaifu, hata kama maneno yake ni matamu. Iwapo tulikuwa wakali kiasi hicho kwa maneno mema, itakuwaje tupokee bila swali maneno ya kumtia hofu mama au kumvunjia mtu heshima?

Nayo elimu ya kisasa imefika karibu na mlango huo huo. Mwaka 2018 watafiti watatu wa Marekani, Vosoughi, Roy na Aral, walitoa matokeo ya uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambaa katika mtandao wa Twitter kuanzia mwaka 2006 hadi 2017. Waliona kwamba habari ya kweli ilichukua muda wa karibu mara sita ya ule wa habari ya uongo ili kuwafikia watu 1,500. Wala sababu kuu haikuwa mitambo, bali wanadamu, kwa kuwa uongo huja na jambo geni na la kushtua.

Je, dawa ipo? Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti mwingine uliofanywa kwa watu zaidi ya 34,000 katika nchi 16, zikiwamo Misri, Saudi Arabia, Nigeria na Afrika ya Kusini. Ilionekana kwamba mtu akikumbushwa tu kujiuliza kama habari ni sahihi, hupungua hamu ya kusambaza za uongo. Nafuu yake si kubwa sana, lakini ilionekana kwa watu wa mataifa na dini mbalimbali. Wengi wetu hatupendi uongo, tunaghafilika. Na huko Zimbabwe, mwaka 2020, watafiti waliona kwamba ujumbe sahihi kuhusu ugonjwa wa korona, uliotumwa kwa simu na shirika la Kubatana ambalo wapokeaji walikwisha kuliamini, uliongeza ujuzi wao na kupunguza vitendo vya hatari. Ukweli unahitaji mpelekaji anayeaminiwa.

Aidha, wapo wenye kazi ya kupima habari. Africa Check ilianzishwa mwaka 2012. PesaCheck, iliyoanzia Kenya, hutoa uchunguzi wake hata kwa Kiswahili, na hapa nchini Nukta Africa ina huduma ya Nukta Fakti. Hao tuwatumie, nao pia tuwaulize ushahidi wao, kwani hakuna aliyesamehewa swali la isnadi. Na siku hizi, ambapo kompyuta huweza kuiga sauti ya sheikh au kiongozi, swali hilo ndilo kinga yetu. Kuitambua sauti hakutoshi. Tuulize imetokea wapi.

Hivyo basi, napendekeza mambo manne. Kwanza, kabla ya kutuma habari tuulize: Nani aliyeisema mwanzo, na lini? Nyingi ni za miaka iliyopita zilizovalishwa nguo mpya. Pili, tumwulize mwenye elimu ya jambo lenyewe. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, wa kuulizwa alikuwa afisa uvuvi. Na habari za chanjo zina wahudumu wa kituo cha afya. Uongozi wa msikiti uwe na namba zao, na uwakaribishe kuulizwa maswali, hata yale magumu. Tatu, tusipopata uhakika, tunyamaze. Hakuna dhambi ya kutoituma habari ambayo hatukuithibitisha.

La nne ndilo zito kuliko yote. Aliyetuma habari akagundua kuwa ni ya uongo, arudi kwa wale wale aliowatumia, aseme: Nilikosea, kweli ni hii. Kufuta ujumbe kimya kimya hakutoshi. Kurani Tukufu inapotaja kusamehewa kwa walioficha ukweli, inawataja waliotubu, wakatengeneza, na wakabainisha. Tusione haya. Mtu anayesahihisha kosa lake mbele za watu ndiye watakayemwamini kesho.

Mtume wetu (s.a.w.) alipowaita watu wa Makka mlimani, aliwauliza kwanza kama wangemsadiki akiwaambia kuna jeshi nyuma ya mlima, nao wakakiri kwamba hawajapata kumwona akisema uongo. Nasi tujiulize leo: jirani yetu, awe Mwislamu au asiwe, akipata ujumbe kutoka kwetu, huuamini kwa sababu umetoka kwetu, au huutilia shaka kwa sababu hiyo hiyo?

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa miongoni mwa wasemao kweli, azilinde ndimi zetu na vidole vyetu, na awahifadhi watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.