MOYO WA MFANYAKAZI



Watu wengi hudhani kwamba mfanyakazi akiongezewa fedha, basi mambo yote yametengenea. Ni kweli kwamba mshahara usiotosha hauna dawa ila kuongezwa. Lakini yako mambo mengine yavunjayo moyo wa mtu kazini, na habari za bandari ya Mombasa zayaonyesha waziwazi.

Zamani wachukuzi wengi wa bandarini walikuwa vibarua. Neno lenyewe limetokana na “barua”, maana mfanyakazi wa siku alipewa kikaratasi kuwa ushahidi wa kazi yake. Meli zikiwa nyingi, walitakiwa watu wengi. Meli zikiwa chache, wengine walirudi nyumbani mikono mitupu. Wapo walioipenda desturi hiyo, kwa kuwa mtu aliweza kujichagulia siku ya bandari na siku ya shamba lake. Lakini mwenye kodi ya chumba shingoni hakujua leo kama kesho atapata riziki.

Mwaka 1939 ulitokea mgomo, na miongoni mwa malalamiko makubwa yalikuwa mishahara na makazi. Januari 1947 mji ulisimama kabisa: watu wapatao 15,000 waliacha kazi, wa bandari, wa reli, hata watumishi wa majumbani. Ndipo mwaka 1954 ulipoanzishwa mpango wa kuwaandikisha vibarua wa bandarini, ili kazi ipate watu wanaojulikana. Hata hivyo, mwaka 1955 wafanyakazi wa bandari waligoma tena. Kuandikwa jina daftarini ni jambo moja. Kusikilizwa ni jambo jingine.

Mwaka 1962 Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi vya Kenya walitia sahihi mapatano ya kwamba ugomvi wa kazi utafutiwe suluhu kwa mazungumzo kwanza. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kila mwaka.

Sheria hizo ni njema, lakini haziwezi kumfundisha msimamizi adabu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aketiye ofisini huenda asijue shida ya asimamaye juani. Yafaa basi atoke, aone na kuuliza. Kama kazi itapungua mwezi ujao, na awaambie watu mapema, wasije wakazisikia habari hizo njiani. Mtu akikosea, aitwe kando aonywe. Asikaripiwe mbele ya wenzake. Malalamiko yakiletwa, yajibiwe upesi, hata kama jibu lenyewe ni “haiwezekani”, pamoja na sababu yake. Maji safi ya kunywa, kivuli cha kulia chakula, na vifaa vya kuzuia ajali si zawadi. Ni sehemu ya kazi yenyewe.

Mfanyakazi naye ana wajibu wake: kufika kwa wakati, kusema ukweli, na kupeleka shauri lake kwa wahusika badala ya kunung'unika pembeni.

Mtu ajuaye kwamba kesho yake imefikiriwa, na kwamba neno lake lina masikio ya kulipokea, hufanya kazi kwa moyo. Asiyejua hayo huleta mikono tu, na moyo wake huuacha nyumbani.