Kabla ya Kuziba Chupa ya Mnazi

Mazungumzo haya yameandaliwa kwa mabaraza ya wakaazi. Yanahusu usalama wa vinywaji vinavyochacha nyumbani.



Chupa ya mnazi iliyozibwa kabla mnazi haujamaliza kuchacha yaweza kupasuka pasipo mtu kuigusa. Vigae vyake havimchagui mgema, mnunuzi wala mtoto apitaye karibu. Kwa hivyo jambo hili linamhusu hata yule ambaye hajapata kuonja kileo maishani mwake, iwapo chupa hiyo imo ndani ya nyumba anayolala au chombo anachosafiria.

Utomvu unaodondoka kutoka kwenye karara lililokatwa kwa kotama huwa ni tembo tamu. Lita 1 huwa na sukari ya gramu 120 hadi 170, yaani vijiko vya chai 30 hadi 40. Hamira iliyomo hewani na iliyobaki kibuyuni huanza kuila sukari hiyo mara moja. Kwa joto la Lamu, povu huonekana katika saa chache, na baada ya siku moja hivi kileo huweza kufika asilimia 4 hadi 6. Pamoja na kileo hutoka gesi ya kaboni dioksaidi. Kila gramu 1 ya sukari hutoa karibu nusu gramu ya gesi. Sukari yote ya lita 1 ikichacha, gesi yake hupita lita 30. Hakuna chupa ya kawaida iwezayo kubeba gesi hiyo yote.

Wapo watakaouliza: mbona bia huchachuka ndani ya chupa na chupa haipasuki? Jibu ni kipimo. Anayetengeneza bia ya laga kwa mkono hungoja wiki kadhaa, mahali pa baridi, mpaka sukari yote iliwe na mapovu yakome. Ndipo huongeza sukari ya gramu 6 au 7 kwa kila lita, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu, akatia katika chupa nene na kuziba. Chupa hukaa wiki mbili hivi hadi gesi itoshe, kisha hupelekwa penye baridi. Gesi inayotakiwa ni hiyo ndogo tu. Anayeziba mnazi mchanga huwa amefungia sukari mara 20 ya kipimo hicho.

Kwa sababu hiyo, mnazi unaochacha usizibwe kwa nguvu. Kibuyu au mtungi ufunikwe kwa kitambaa safi. Dumu linalovushwa kwa mashua au kubebwa na punda lisijazwe hadi mdomoni, na kifuniko chake kilegezwe ili gesi ipate njia. Barafu hupunguza kasi ya hamira lakini haiiui. Chupa ikitolewa kwenye baridi, kazi huanza upya. Chupa iliyokwisha kuzibwa na kuvimba isitikiswe wala kuelekezwa usoni. Watoto waondolewe, chupa ifunikwe kwa gunia zito lililoloweshwa, kisha kifuniko kilegezwe polepole chini ya gunia hilo.

Mgema anayetaka bidhaa ya kukaa chupani anazo njia mbili. Ya kwanza ni kuchemsha tembo tamu mara tu linaposhushwa mtini, hadi liwe zito kama asali. Ya pili ni siki. Mnazi uachwe uchache mpaka mapovu yakome, kisha utiwe katika chombo cha udongo au cha kioo chenye mdomo mpana, kisijazwe, kifunikwe kwa kitambaa cha kuzuia inzi na kuwekwa kivulini. Bakteria wa siki huhitaji hewa, kwa hivyo hapa pia kifuniko cha kubana hakifai. Chombo cha chuma kiepukwe, maana siki hula chuma. Baada ya wiki kadhaa harufu ya kileo huisha na ukali wa siki hubaki. Ichujwe, ipashwe moto hadi nyuzi 70 hivi bila kuchemka, itiwe katika chupa safi na kuzibwa. Hiyo ndiyo siki ya achari na kachumbari. Anayetaka kuiuza ikiwa imefungashwa aanze kwa kupata alama ya ubora ya KEBS.

Kuhusu sheria, Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010 inakataza kuuza kileo bila leseni na kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini maji si hatari kama methanoli. Mei 2014, makumi ya Wakenya katika kaunti kadhaa walikufa kwa pombe iliyochanganywa na kemikali hiyo, na wengine wakapoteza macho. Mnazi wenyewe hauna haja ya kuongezwa ukali wowote.

Mwenye swali amuone afisa wa afya ya umma wa wadi yake kabla ya kuziba chupa.