MANENO YA KATIBU JUU YA JENERETA YETU



Naanza na lile linalouma. Kijana wetu wa mashine amesemwa sana hapa kijijini, ati anaiba dizeli, ndiyo maana mashine ya kusaga ikiwashwa taa zinafifia. Si kweli.

Jenereta ina mambo mawili ya kutunzwa. La kwanza ni mwendo. Yetu sharti izunguke mara 1,500 kwa dakika, ndipo umeme utoke na mapigo 50 kwa sekunde. Mwendo huo unashikwa na gavana kwenye injini. La pili ni volti, yaani nguvu inayousukuma umeme, nazo ziwe 230. Hapa kazi ni ya sumaku. Mle ndani inazunguka sumaku ya koili: ukiipa umeme zaidi inakuwa kali na volti zinapanda, ukiipunguzia zinashuka. Anayeongeza na kupunguza ni kale kasanduku kadogo, regyuleta. Kanapima volti zinazotoka saa zote. Mtu kwa mkono hawezi, atachelewa.

Sasa ile mota ya kusaga. Inapoanza inavuta umeme mara tano hata saba ya kawaida yake. Ni kama mkokoteni wenye magunia, kuusukuma mpaka utoke ndiyo shughuli, ukishatembea ni mwepesi. Umeme mwingi hivyo ukipita kwa ghafla, volti nyingine zinapotelea ndani ya koili za jenereta, na sumaku yenyewe inadhoofika. Regyuleta inarekebisha, taa zinarudi. Basi, hakuna wizi hapo.

Ila mwezi uliopita zilififia zisirudi. Mimi nikamwambia kijana aongeze moto wa injini. Alikataa, nikamshurutisha kwa cheo changu. Taa ziling'aa, na tukapiga makofi! Mashine ya kusaga ilipozimwa mzigo ukaondoka, volti zikaruka juu, balbu sita za darasa la kisomo zikaungua pale pale. Fundi alipokuja akasema regyuleta imechoka, haiongezi sumaku inavyotakiwa. Kuongeza mwendo kumeficha ugonjwa tu, na mapigo ya umeme yamezidi pia. Kijana alikuwa anajua, mimi sikujua. Namwomba radhi mbele yenu, na balbu nitalipa mimi.

Kusaga tumesimamisha kwa sababu volti zikiwa chini mota yenye mzigo inavuta umeme mwingi zaidi, inapata joto, mwisho inaungua. Mota ni ghali kuliko regyuleta. Kamati imekubali regyuleta mpya inunuliwe kwa fedha za kusaga.

Ikishafungwa, mota iwashwe kwanza, taa baadaye. Skurubu ya gavana asiiguse mtu ila kijana na fundi, hata Katibu asiiguse. Kipimo cha volti kiko ukutani bandani. Sisi wa kisomo tarakimu tunazijua, tupite tukasome mshale.