Pilipili Uliyoilipia: Mazungumzo na Msafiri wa Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa



Katika kazi yetu neno "mlaji" humhusu kila anunuaye, awe amenunua bati au vocha ya simu. Leo tunazungumza na mlaji kwa maana yake ya kwanza: msafiri aliyeteremka kutoka Mbinga, kilomita 66 za milima na kona hadi Mbamba Bay, mwenye njaa na hamu ya samaki mwenye pilipili ya kumtoa jasho.

Shati lisilokufaa laweza kurudishwa dukani. Samaki aliyekwisha kuchomwa harudi ziwani, wala fedha yako hairudi mfukoni kwa urahisi.

Yalitupata sisi wenyewe. Katika mgahawa mmoja wa mwambao huo tuliagiza mbasa wa kuchoma "wa pilipili". Aliletwa baada ya saa nzima, amepakwa kitu chekundu kinachong'aa, kitamu kama jamu. Ilikuwa sosi ya chupa. Bei nayo ilikuwa imepanda, kwa kuwa samaki, tuliambiwa, "alikuwa mkubwa". Tulilipa, maana hatukuwa tumeuliza lolote.

Wekundu si ukali. Ukali hutokana na kapsaisini, ambayo haina rangi na hupatikana zaidi katika utando mweupe unaoshika mbegu. Wekundu waweza kutoka kwenye nyanya, au mahali pabaya zaidi: mwaka 2003 nchi za Ulaya zilikuta katika unga wa pilipili rangi ya viwandani iitwayo Sudan I, isiyoruhusiwa katika chakula, zikaanza kudai vyeti vya upimaji.

Basi uliza kabla samaki hajawekwa motoni. "Shikamoo mama. Pilipili yenu ni ya kutwanga au ya chupa? Naomba nionje kidogo." Anayetwanga pilipili kichaa kwa chumvi na ndimu hataona taabu kukuonjesha, mara nyingi atakuonya. Katika hoteli kubwa za mijini waweza kukuta "samaki wa Cajun", upishi wa Louisiana, Marekani. Jina limesafiri mbali. Swali ni lilelile.

Mchague samaki kwa macho yako, mkubaliane bei akiwa bado mbichi, na uulize kama ugali umo katika bei hiyo. Mwenye vidonda vya tumbo, au aliyefuatana na mtoto, aombe pilipili iwekwe pembeni. Ikikuzidi, maji hayatakusaidia sana, kwa kuwa kapsaisini huyeyuka katika mafuta. Maziwa yanafaa zaidi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Palipo na ubao wa bei, upige picha, na udai risiti. Mama lishe asiye na ubao tusimbebeshe makosa ya wengine. Kwake, maneno mliyokubaliana mbele ya wenzako ndiyo ubao.

Siku ya pili tuliuliza. Mama mmoja karibu na ufuko alitwanga pilipili mbele yetu, akatazama nyuso zetu, akasema, "Baba, hii nitapunguza." Tukamsihi asipunguze. Tulikula na ugali wa muhogo, tukifuta jasho kwa leso, na tulilipa bei ileile tuliyotajiwa.